Mteremko wa Kibati na Pikipiki Isiyokunywa Mafuta

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuliwa viatu. Vilikuwa viatu vyeusi vya mtumba, vyenye vipande vya chuma chini ya kisigino, na nilivipenda kwa sababu vililia ko-ko-ko kwenye saruji. Nilikuwa msichana aliyeshuka juzi tu kutoka milima ya Masisi, na nilitaka mji wa Goma ujue kwamba nimefika. Bwana Gérant, ndiye mkuu wa kituo cha mafuta, alinisimamisha kabla sijamsalimia mtu yeyote.

“Weye mutoto, unataka kutuunguza sisi wote?”

Nikatazama nyuma yangu nikidhani anasema na mwingine. Akaninyooshea kidole miguuni. Chuma kikigonga jiwe hutoa cheche, akanieleza, na petroli, ambayo sisi tunaiita essence, haingoji kuwashiwa kiberiti. Mvuke wake ukikutana na cheche, basi, habari yako imekwisha. Nilifanya kazi siku ile kwa kandambili za kuazima kwa mama muuza ndizi wa ng'ambo ya barabara. Zilikuwa kubwa, zilinipiga visigino kutwa nzima. Jioni Bwana Gérant akaniambia nirudi kesho, nami nikakimbia mpaka nyumbani na viatu vyangu mkononi, nikicheka peke yangu njiani.

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya mafuta. Nilikaa humo miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu mnaonisoma, na kama mnadhani ilikuwa kazi ya kushika bomba na kungoja, naomba mkae vizuri.

Pale kituoni nilikuwa pompiste, yaani mwenye kujaza tanki za watu. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo mara nyingi pampu tuliizungusha kwa mkono, kwa mtaimbo uliopinda, mpaka bega linawaka. Nilijifunza kusikiliza. Tanki tupu linaposhika mafuta hutoa sauti nzito, halafu sauti inapanda, inapanda, na kabla haijawa nyembamba kabisa unaachia. Usijaze mpaka mdomoni, kwa sababu mafuta huvimba kwenye jua na kumwagika barabarani. Wapo waliogombana nami kwa hilo. Niliwaambia waende wakagombane na jua.

Pia nilijifunza hesabu za madereva. Mtu wa Goma anajua kubana mafuta kuliko mtu yeyote duniani, na hilo nalisema kwa kujivuna. Barabara ya kaskazini, ile inayokwenda Rutshuru, hupanda kutoka mjini mpaka Kibati chini ya mlima Nyiragongo. Ukirudi, kuanzia Kibati mpaka karibu na mji ni mteremko mtupu. Basi kila dereva wa lori, na baadaye kila motari, ndiyo hao waendesha pikipiki za abiria, akifika Kibati alizima injini na kujiachia. Walishuka kimya, breki zikinuka, na matone waliyookoa waliyasifia kituoni kama mtu aliyefunga goli. Mimi nami nikawa mwalimu wao. Kila aliyelalamika kwamba pikipiki yake inakunywa sana, nilimwuliza: “Kibati unazimaka?” Kama alisema hapana, nilimcheka mbele ya wenzake.

Baada ya miaka kadhaa Bwana Gérant alinipendekeza nipelekwe depo, kule mafuta ya mji yalikohifadhiwa kwenye matangi makubwa kabla ya kugawiwa vituoni. Huko nilikutana na Chef de dépôt, mkuu wa ghala, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, asiyecheka asubuhi. Ndiye aliyenifundisha kupima. Fimbo ya kupimia tuliiita jauge. Inashushwa ndani ya tanki polepole mpaka iguse chini, inapandishwa, na unasoma pale ulowevu ulipoishia. Kwenye ncha unapaka dawa nzito ambayo hugeuka nyekundu ikikutana na maji, maana maji hukaa chini ya mafuta, na malori yaliyotoka pwani kupitia nchi mbili tatu yalifika na maajabu ndani. Halafu unachota kidogo, unapima uzito wake kwa chombo cha kioo kinachoelea, unapima na joto. Lori likifika hupimi mara moja. Unayaacha mafuta yatulie kwanza, na dereva anakunywa chai huku akikuchukia.

“Tanki haina mudomo,” Chef aliniambia siku ya kwanza. “Weye njo mudomo yake. Ukisema mubaya, ni tanki inasema mubaya.”

Nilipenda kazi ile kuliko chakula! Nilipanda ngazi za matangi asubuhi kabla jua halijapasha bati, fimbo begani, na wakati mwingine nilikisia kipimo kabla sijashusha, nikakosa kwa upana wa kidole tu. Wafanyakazi wakaanza kuniita Mama Jauge. Hata kanisani, kwenye kwaya, jina hilo likalifukuza jina nililobatizwa.

Sasa niwaambie jambo ambalo si la kujivunia. Msimu mmoja tanki la tatu lilianza kupungua asubuhi kwa asubuhi, kidogo tu, upana wa ukucha, hali hakuna lori lililopakia. Nikampelekea Chef namba zangu. Akazitazama, akazirudisha.

“Ni joto, Mama. Inapanda hewani. Évaporation.”

Ilikuwa majira ya mvua, tulivaa makoti. Mimi nilijua, na yeye alijua kwamba najua. Lakini alikuwa Chef, nami nilikuwa na watoto wanne, nikanyamaza. Nikaendelea kupima na kuandika, na kunyamaza. Ninyi mnaijua ardhi ya Goma. Ni mawe meusi ya volkano, yana nyufa mpaka chini. Ukimwaga ndoo ya maji huioni tena. Wiki kadhaa baadaye kina mama wanaochota maji ziwani walikuja getini na bidoni ya njano, dumu la kuchotea maji. Mmoja akanifungulia kifuniko, akanisogezea puani. Sikuhitaji fimbo wala dawa nyekundu. Ilikuwa gasoil yetu, yaani dizeli.

Nilirudi ndani mbio, nikafunga valvu ya tanki la tatu kwa mikono yangu bila kumwomba mtu ruhusa. Chef alipiga kelele mpaka miwani ikaanguka. Tulichimba, tukakuta bomba limeoza chini ya ukuta, na kwa haki yake niseme kwamba alilibadilisha, akapeleka maji safi kwa lori mtaa ule kwa muda mrefu. Lakini yaliyoingia kwenye mawe hayakurudi. Niliona aibu, na bado naona aibu ninapoandika haya. Namba ilikuwa mkononi mwangu wiki zote zile.

Tangu hapo niliyatazama mafuta kwa jicho jingine. Niliona jinsi mji mzima ulivyoishi kwa kungoja lori. Daraja likivunjika huko mbali, au vita vikifunga njia, Goma ilikaa chini. Jenereta za hospitali zilianza kukohoa, unga ukapanda, wagonjwa wakabebwa mgongoni. Watu walinisimamisha njiani kuniuliza kama mafuta yatafika kesho, kana kwamba nilikuwa mchawi wa mvua. Na huku juu, mito inayotoka kwenye milima ya Virunga ilikuwa ikishuka usiku na mchana, haimngoji mtu. Mito hiyo ilipowekewa mitambo na nyaya za umeme zikafika kwenye barabara yetu, nilisimama chini ya nguzo nikatazama juu mpaka shingo ikaniuma. Jirani akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nilikuwa karibu kustaafu ndipo aliponijia yule tuliyemwita Ingénieur, yaani mhandisi. Ni binti wa mwenzangu wa kwaya, alisomea umeme nje ya nchi, akarudi na kufungua karakana ya pikipiki za umeme. Alikaa sebuleni kwangu, akakataa chai, hakuwa na muda.

“Mama Jauge, batu bengi banajua moteur. Mimi natafuta mutu anajua kupima na hadanganye.”

Neno hilo la mwisho lilinichoma, maana nililifikiria tanki la tatu. Nilimsimulia yote. Akasikiliza, akasema: “Njo maana utakuya.” Wiki iliyofuata nikaaga depo. Watoto wangu walidhani nimeugua.

Karakana hiyo! Hakuna harufu. Hakuna mafuta meusi sakafuni. Siku za kwanza nilikuwa nazunguka nikitafuta uchafu wa kufuta. Pikipiki ya umeme haina tanki, haina bomba la moshi, haina plagi ya cheche. Ina betri chini ya kiti, nzito kama mfuko mdogo wa saruji, na mota iliyofichwa ndani ya gurudumu la nyuma. Kazi yangu ilikuwa betri. Kila moja nilipima nguvu yake kwa kipimo cha nyaya mbili, nikapima joto lake, nikaangalia asilimia iliyobaki, nikaandika kwenye daftari lake. Betri ina siri zake kama tanki. Ikitoka juani usiichaji mara moja. Iache itulie kwanza. Niliposikia hivyo nilicheka kwa furaha, nikamwambia Ingénieur kwamba hilo nililijua kabla yeye hajazaliwa.

Lakini pikipiki kumi zilikuwa zimesimama tu, zinang'aa. Hazikuwa za Ingénieur; mwenye mali alikuwa amemkabidhi kwa majaribio ya msimu mmoja. Kama motari wa parking yetu, yaani kituo chao pale karibu na mzunguko wa barabara, wasingezikubali, zingepakiwa zipelekwe mji mwingine, na karakana ingefungwa. Ingénieur angepoteza kazi ya miaka yake yote, pamoja na mafundi wanne. Na mimi, niseme wazi, nilitaka sana kumaliza maisha yangu ya kazi na kitu kisichovuja ziwani.

Mwenye neno alikuwa Président wa motari. Ni mtu mnene, koti la ngozi jua au mvua, mgumu kama mlango wa kanisa lakini mwenye haki. Alizunguka ile pikipiki mara mbili, akaipiga teke kidogo kwenye tairi.

“Hii ni baiskeli ya bazungu. Kibumba itafika?”

“Itafika na kurudi,” Ingénieur akasema.

“Bien. Itaenda Kibumba na mutu nyuma, itarudi na yule mutu na mifuko mbili ya choux. Batri moya tu. Ikifika hapa na miguu yake, tunabeba zote kumi. Mukiisukuma, muirudishe kwenye ilitoka.”

Masharti yalikuwa ya haki, maana hiyo ndiyo kazi yenyewe. Choux ni kabichi, na kabichi za Goma hutoka Kibumba, mbele ya Kibati, na motari ndiye anayezileta. Dereva akachaguliwa Faustin, motari wa siku nyingi. Mtu wa nyuma nikawa mimi, kwa sababu Président alitaka shahidi wa kusoma namba, na mji mzima ulijua kwamba Mama Jauge husoma namba.

Jamani, kupanda kule! Sijawahi kupanda kitu kisicho na sauti. Tulipita Kanyaruchinya nikasikia watoto wakiimba shuleni, nikasikia jogoo, nikasikia mama mmoja akimgombeza mumewe, nikajua na kosa lake. Mlima ulikuwa wazi, moshi wake umelala upande mmoja. Faustin aligeuka kila mara kuniuliza kama mashine bado inafanya kazi. Kibumba tukafunga kabichi, tukageuka. Namba ya betri, kwenye kioo kidogo cha usukani, ilikuwa inashuka kama nilivyotarajia, na tulipofika Kibati, pale juu ambapo barabara inainama kuelekea mjini, nikasoma: tano. Asilimia tano tu.

“Zima!” nikapiga kelele.

Mkono wa Faustin ulikuwa umefika kwenye ufunguo kabla sijamaliza neno. Tulijiachia. Tulishuka kwa raha, upepo machoni, nami nikajisifu moyoni kwamba uzoefu ni kitu kikubwa. Hata tone moja la umeme hatukutumia mpaka mwisho wa mteremko. Akawasha. Tukaingia mjini, tano, nne, mbili, moja, na kabla ya mzunguko, mbele ya maduka, pikipiki ikanyamaza zaidi ya ilivyokuwa imenyamaza. Ikasimama.

Tukasukuma. Mwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, alitupita na magunia yake ya makaa, akaniambia kwa adabu kabisa: “Mama, mimi niko nafika mbele, niwasalimie?” Parking nzima ilikuwa imesimama inatungoja. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Faustin alitupa kofia yake, akaenda zake. Président hakucheka. Alisema tu: “Munaisukuma,” akageuka.

Tuliifikisha karakanani. Ingénieur alipekua mota, akapekua nyaya, akapima betri, kila kitu kizima. Alikuwa karibu kulia. Halafu akauliza swali moja, taratibu, kama mtu anayeogopa jibu.

“Mulishuka namna gani?”

“Tulizima Kibati, kama kila mutu.”

Alikamata kichwa kwa mikono miwili. Nilidhani amekasirika, kumbe alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. Akanieleza. Mota ya umeme, gurudumu likizungushwa na mteremko, inageuka kuwa dinamo. Inatengeneza umeme na kuurudisha kwenye betri. Ila ufunguo lazima uwe umewashwa, kwa sababu kuna kisanduku kinachoongoza umeme huo, contrôleur, na ukizima ufunguo nacho kinalala. Sisi tulikuwa na mteremko mzima wa Kibati wa kujaza betri bure, na tuliufunga kwa mkono wetu wenyewe.

“Juu ya nini hukutuambia?” nikamwuliza, na nilikuwa mkali.

“Mama, sikujua kama kuko mutu anazimaka moteur kwa kushuka.”

Yeye alijifunza kuendesha ugenini. Sisi tulikuwa hatuwezi kufikiri kwamba kuna mtu asiyezima. Nilikaa kwenye kiti nikaona miaka yangu yote kituoni, na motari wote niliowacheka kwa kutozima Kibati. Nilikuwa nimeufundisha mji mzima kosa lile, na mimi mwenyewe ndiye niliyepiga kelele.

Ningeweza kunyamaza. Watu wangesema mashine ni mbovu, ingekwenda zake, jina langu lingebaki safi. Lakini safari hii sikukaa na namba mkononi hata siku moja. Asubuhi nilivaa kitenge changu cha kwenda kanisani, nikaenda mpaka katikati ya parking, nikasimama juu ya jiwe.

“Mashini haina makosa,” nikasema kwa sauti. “Makosa ni yangu. Ni mimi nilisema azime.”

Nikawaeleza kila kitu, dinamo, kisanduku, ufunguo. Wengine walipiga miluzi. Mmoja akasema bibi huyu amelipwa. Président akainua mkono wakanyamaza.

“Weye Mama Jauge, weye mwenyewe njo ulisema zima?”

“Mimi mwenyewe.”

Akakuna shingo.

“Ata mimi ningezima,” akasema. “Sasa, mara moya tena, ya mwisho. Lakini nitaendesha mimi. Na mifuko itakuwa tatu.”

Mifuko mitatu, na yeye mwenyewe alikuwa kama mifuko miwili! Ingénieur alipiga hesabu kwenye karatasi, akaikunja bila kunionyesha. Tukaondoka. Président aliendesha mpaka Kibumba, akajadiliana kuhusu kabichi kubwa kuliko zote, akazifunga mwenyewe. Wakati wa kurudi namba ilianguka haraka kuliko siku ya Faustin. Kumi, nane, sita. Nilikuwa naomba kwa Kihunde, lugha ya mama yangu, ambayo siitumii ila mambo yakiwa mabaya. Kibati tulifika na nne.

Barabara ikainama. Na mkono wa Président, mkono wa miaka yote ile barabarani, ukaondoka kwenye usukani na kwenda wenyewe kwenye ufunguo. Niliupiga kofi.

“Usizime, Papa!”

“Eh! Pardon, Mama!”

Akaacha. Gurudumu la nyuma likaanza kuvuma taratibu, kitu kikatushika kidogo kwa nyuma kama vile pikipiki inasita kukimbia. Nikakazia macho ile namba. Nne. Nne. Nne. Tukapita mawe meusi, tukapita shamba la viazi. Nne. Nikaanza kutokwa na jasho kwenye baridi ile. Halafu, mbele ya macho yangu, ikawa tano.

“Inapanda!” nikapiga kelele. “Papa Président, inapanda!”

“Unasema nini?”

“Tano! Iko tano! Angalia barabara! Sita!”

Wasomaji wangu, mimi nimepima matangi maisha yangu yote. Nimeyaona yakipungua kwa kuuzwa, kwa kuvuja, kwa kuibiwa, kwa jua. Sijawahi hata siku moja kuona tanki linaongezeka gari likitembea. Nilikuwa nalia na kucheka. Tulipita Kanyaruchinya nikiwa nimesimama kwenye vikanyagio, nikitangaza namba kwa watu wa kando ya barabara ambao hawakujua ninazungumzia nini, saba, nane, tisa, nao wakanipungia mikono hata hivyo. Mwisho wa mteremko ilikuwa kumi na moja. Président alikuwa anaimba wimbo wa kanisa lake, kwa sauti mbaya mno.

Parking walituona tunakuja. Hakuna aliyecheka. Tukaingia kwa magurudumu yetu, tukasimama, nami nikashuka na kuwaonyesha wote: tatu. Asilimia tatu zilibaki. Faustin aliinama akasoma mwenyewe, halafu akasoma tena. Président akafungua mifuko, akatoa kabichi moja, akampa Ingénieur kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi ya harusi.

“Zote kumi,” akasema, akaupapasa usukani wa pikipiki. “Na hii, mutu asiiguse. Hii ni yangu.”

Nilifanya kazi miezi mingine mingi kabla ya kustaafu, na sitaki mdhani kwamba kila kitu sasa ni kitamu. Mji bado unakunywa mafuta ya malori. Madini yanayoingia kwenye betri yanachimbwa na watu wa nchi yetu, na wengi wao wanayachimba kwa mateso. Kila ninayempigia debe la umeme namwambia na hilo. Betri nayo inazeeka. Nilipigana na Ingénieur mpaka akajenga banda lenye sakafu ya saruji, na kila betri iliyokufa inakaa humo, ina namba, inasubiri kurudishwa ilikotengenezwa. Hakuna hata moja itakayotupwa kwenye mawe. Siku ya kuagwa kwangu walitaka hotuba. Niliwaambia wapime vizuri, na wakishapima waseme siku hiyohiyo, hata kama mkubwa hapendi, hata kama mwenye makosa ni wao. Halafu nikawaomba tule.

Mafuta yalinilisha na yakasomesha wanangu, siyatukani. Lakini sasa naishi upande wa Kanyaruchinya, kando ya ile barabara ya kaskazini, na asubuhi naweka kiti changu mlangoni. Pikipiki zile si kumi tena. Zinashuka kutoka Kibati na kabichi, na vitunguu, na mama mwenye mtoto mgongoni. Kwa kuwa hazina sauti, motari wameanza kuimba ili watu wa kando wajue kuna anayekuja, kila mmoja na wimbo wake, na wa Président nautambua kutoka mbali kwa ubaya wake. Wakinipita hupaza sauti: “Mama Jauge, sijazima!” Nami najua kwamba wakati huo, chini ya kiti, namba inapanda. Naihesabu kwa sauti mpaka wanapotea kwenye kona: saba, nane, tisa.